Kuhamia nyumba ya mawe Mji wa Kale wa Mombasa: nini kibaki, nini kiondoke, nini kisubiri

Sofa ya L iliyokaa vizuri kwenye fleti ya Nyali haipiti kwenye ngazi za nyumba ya Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Hata mkiivuta kwa kamba mkaiingiza kupitia roshani, chumba hakiitaki. Wengi hulichukua jambo hili kama tatizo la vipimo, wakauza sofa, wakanunua ndogo zaidi ya aina ileile. Lakini nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kila kimoja kina masharti yake juu ya rangi utakayopaka, kiti utakachoweka na pazia utakalotundika. Anayeyafuata hupata nyumba ya kupendeza kwa gharama ndogo. Asiyeyafuata hupaka rangi upya kila masika yakipita.

Ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kwa mtu mwenye hamu ya kupamba: usinunue kitu kipya kabla hujaishi humo msimu mmoja wa mvua. Masika ya Mombasa hushika Aprili, na Mei ndiyo mwezi wa mvua nyingi. Ingia na kitanda, jiko, viti vyepesi na masanduku yako, kisha tazama. Unyevu ukionekana ukutani, chora ukingo wake wa juu kwa penseli na uandike tarehe. Alama inayoanzia sakafuni na kukoma kwenye kiuno ni maji ya ardhini. Inayoanzia darini na kushuka ni paa au mlizamu uliooza. Ile ya duara katikati ya ukuta, isiyojali mvua wala jua, mara nyingi ni bomba linalovuja ndani. Dawa ya kila moja ni tofauti, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa rangi.

Ukuta ndio nitakaoukalia sana, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za watu huzama. Ukuta wa matumbawe huwa na unene wa sentimita 45 hadi 60 hivi, na jiwe lenyewe limejaa vitundu. Maji hupanda kutoka ardhini, hutembea ndani ya jiwe, kisha hutoka kupitia plasta ya chokaa na kukaushwa na upepo. Fundi akikuambia, "Hapa tupige simiti, haitakusumbua tena," anakufungia mlango wa kutokea maji. Maji hayo hayaondoki: hupanda juu zaidi kutafuta njia, yakibeba chumvi. Yakikaribia uso wa ukuta hukauka, chumvi hugeuka fuwele, fuwele hupanuka, na plasta husukumwa kutoka nyuma mpaka ibambuke. Ndiyo maana unaona ukuta uliopigwa simiti ukiwa safi mwaka wa kwanza, kisha malengelenge ya rangi yanatokea usawa wa goti, na ukiyagusa unamwagika unga mweupe ambao ukiuonja ni chumvi tupu. Rangi ya mafuta hufanya madhara yaleyale, na hata rangi ya maji yenye mng'ao wa plastiki.

Kujua una ukuta gani ni kazi ya dakika chache. Nyunyiza maji kidogo kwa vidole. Yakinywewa papo hapo na kuacha doa jeusi, plasta inapumua. Yakibaki matone na kuteremka, imefunikwa. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi juu. Penye mlio wa uwazi, plasta imeshaachana na jiwe. Na kama hujui unyevu unatoka ukutani au ni jasho la hewa tu, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, funga kingo zote nne kwa utepe, uiache siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Plasta ya simiti iliyokwisha kuachia itolewe kwa patasi na nyundo ya mkono. Mashine ya kutoboa zege hulivunja jiwe la matumbawe lililo nyuma, ukajikuta unajenga ukuta badala ya kupiga plasta. Toa mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, sugua chumvi kwa brashi kavu, uifagie na kuitupa nje, wala usioshe kwa maji, maana utairudisha ndani. Halafu acha ukuta wazi. Ukuta mnene hivi hukauka kwa miezi, si kwa siku, kwa hiyo ukiufungua baada ya mvua za masika, upepo wa kusi utakusaidia kuukausha. Ni kipindi cha kuishi na ukuta wenye mawe nje, na hakuna njia ya mkato.

Plasta mpya ni chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga uwe wa mtoni na uliooshwa. Mchanga wa ufukweni unarudisha chumvi ileile uliyoitoa. Chokaa ya unga iloweke kwanza kwenye pipa, maji yasimame juu yake sentimita tano hivi, angalau usiku na mchana mmoja, na ikikaa wiki kadhaa ni bora zaidi kwa sababu hulainika na kushika. Lowesha ukuta kabla ya kupiga. Kila mkono, yaani kila tabaka, usizidi sentimita moja. Ukipiga mnene kwa pupa, sehemu ya nje hukauka, ya ndani ikabaki mbichi, na nyufa zinaanza. Subiri wiki kati ya mkono na mkono, ukinyunyizia maji asubuhi na jioni, na upande wenye jua utundikie magunia mabichi. Chokaa haikauki kama simiti. Inavuta hewa ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, na kwa kazi hiyo inahitaji unyevu kidogo na muda.

Juu ya plasta hiyo, rangi ni chokaa ya kupaka. Uji mzito wa chokaa uongezwe maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa, uchujwe kwa kitambaa, upakwe kwa brashi pana kwenye ukuta ulioloweshwa. Mikono mitatu ndiyo ya chini, mitano ndiyo ya kupendeza, kila mmoja ukipewa siku nzima. Ndoo ya lita 20 hutosha mkono mmoja wa chumba cha kawaida. Wanaoanza hupaka nene kwa sababu ya jambo moja linalotisha: ukipaka, ukuta hauonekani kubadilika. Ni kama umepaka maji. Kaa uutazame. Baada ya saa moja hivi weupe huanza kujitokeza kutoka kingoni, na kesho yake ukuta uleule ni mweupe kabisa. Aliyeongeza tabaka nene kwa wasiwasi huambulia chokaa inayopasuka na kutoa unga kila nguo inapougusa. Vaa glavu na miwani muda wote. Tone la chokaa jichoni linaunguza, na likiingia, osha kwa maji mengi mara moja kisha nenda hospitali.

Ukitaka rangi, tumia unga wa rangi wa oksaidi, nyekundu, ya manjano au nyeusi, kwa kiasi kisichozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa kavu: kilo tano za chokaa, gramu 500 za oksaidi, wala usizidishe, la sivyo itatoka mkononi. Ile buluu ya kufulia nguo huvumilia chokaa pia, na kidogo tu huupa ukuta weupe wa ubaridi unaofaa sana jikoni. Changanya rangi ya chumba kizima kwa mara moja, kwa maana hutaweza kuipata sawasawa mara ya pili. Baadhi ya mafundi hutia chumvi ili chokaa ishike. Katika nyumba ambayo ukuta umekwisha kujaa chumvi, kataa.

Sasa mtindo. Ukuta wa chokaa hauna mng'ao, na hauko sawa; una mabonde na vilima vidogo ambavyo taa ya pembeni huvionyesha. Kwa hiyo ukuta mmoja wa rangi kali, karatasi za ukutani zenye maua na zile mbao za plastiki za nyuma ya runinga haziingii humu. Karatasi ya ukutani ndiyo hunisikitisha zaidi, kwa sababu gundi yake ni chakula cha kuvu, na ukiibandua inaondoka na ngozi ya plasta. Kijivu pia, kilichotawala fleti zetu zote, hufa humu. Madirisha ni ya upande mmoja, mwanga huja kwa kugonga ukuta wa jirani kwanza, na kijivu hugeuka rangi ya vumbi. Weupe wa maziwa, rangi ya mchanga, wekundu wa udongo hafifu, hizo huishi. Kabla ya kuamua paka kipande cha mita moja kwenye kuta tatu tofauti, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Na taa ziwe za mwanga wa manjano, kelvini 2,700 hadi 3,000. Zile nyeupe za 6,500 hufanya ukuta wa chokaa uonekane kama wa zahanati.

Tuje kwenye viti. Upana wa vyumba vya zamani uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi karibu tatu. Fanya hesabu kabla ya kubeba. Chumba cha sentimita 260, sofa ya kisasa yenye kina cha sentimita 95 kila upande, unabakiwa na njia ya sentimita 70. Hakuna meza itakayokaa, na mgeni hapiti bila kuomba radhi. Weka benchi refu la mbao kwa ukuta mmoja tu wa ule urefu, kina sentimita 65, kimo cha kikalio sentimita 40 pamoja na godoro lake la sponji la inchi nne, mito ya kuegemea nyuma, na unabakiwa na karibu mita mbili. Upande wa pili weka viti viwili vyepesi vinavyobebeka. Benchi lisiguse ukuta: liache nafasi ya sentimita tano nyuma, na chini liwe na miguu ya sentimita kumi au zaidi ili hewa ipite. Benchi la sanduku lililofungwa mpaka sakafuni hugeuza nguo unazohifadhi ndani kuwa shamba la kuvu.

Sheria hiyo ya hewa inagusa kila kitu chenye mgongo. Kabati, rafu za vitabu, hata picha. Kabati isogezwe sentimita kumi kutoka ukutani, na ikiwa ni ya mbao za unga ulioshindiliwa, iweke orofa ya juu ambako ni kukavu. Chini huvimba miguuni kabla ya mwaka kwisha. Picha zitie vipande vya kizibo au mpira nyuma ya pembe nne, ziachane na ukuta kwa sentimita moja.

Kitanda cha futi sita kwa sita ni takriban sentimita 183 kila upande, na ngazi nyingi za zamani hazifiki hata nusu ya upana huo, tena zina kona. Godoro la springi halipindi. La sponji nzito hukunjwa likafungwa kamba na kupita. Lakini jibu zuri zaidi ni samadari, kile kitanda cha jadi cha nguzo: hufunguliwa vipande, nguzo nne peke yake, mbao za pembeni peke yake, ikapanda ngazi bila ugomvi. Na nguzo zake hubeba neti. Katika nyumba ambayo kutoboa dari ni kosa, hiyo ni faida kubwa kuliko uzuri wake. Kabla ya kununua ya mitumba, pigapiga viungo vyake juu ya karatasi nyeupe. Unga laini ukianguka, bungu wako ndani, usiipandishe ngazi.

Pazia nzito zenye bitana waachie wenye viyoyozi. Dirisha la nyumba hizi lipo kwa ajili ya kusi na kaskazi, na pazia nzito linakuletea joto bure. Leso inatosha. Kipande kimoja cha leso kina urefu wa sentimita 150 hivi na kimo cha sentimita 110. Kitundike kwa upana wake, kifunike nusu ya chini ya dirisha: watu wa barabarani hawakuoni, upepo na mwanga vinaingia juu. Nunua pea Barabara ya Biashara, ikiwa bado haijakatwa, uiloweke na kuianika kabla ya kushona chochote, maana leso mpya hutoa rangi na hupungua. Kata katikati, pinda juu sentimita nne, pitisha fimbo nyembamba ya shaba. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, lisomeke kutoka ndani. Dirisha la magharibi lipe leso ya rangi hafifu, jua la jioni hula nyekundu na nyeusi haraka.

Kutoboa ukuta wa matumbawe kuna adabu yake. Zima mpigo wa nyundo kwenye drili, tumia mwendo wa polepole na ncha ya milimita nane, kina cha sentimita saba au nane ili upite plasta na uingie jiweni. Ukigonga tundu la asili, plagi ya plastiki itazunguka bure; chonga kigingi cha mbao ngumu, kigongelee, tia skrubu ndani yake. Badala ya kutoboa kila picha pahala pake, funga ubao mmoja wa upana wa sentimita saba kwa urefu wa ukuta, kimo cha mita mbili, skrubu kila nusu mita, na kila kitu kining'inie humo kwa kamba. Utabadilisha mapambo miaka yote bila tundu jipya. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Za kawaida, kwa hewa hii ya bahari, hulia machozi ya kutu ukutani. Shaba ni laini na kichwa hukatika, kwa hiyo tangulia na skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, itoe, kisha tia ya shaba. Na kama nyumba ina zidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta, una rafu tayari. Sahani za kauri, birika la shaba, marashi na vitabu vilikuwa na pahala pake humo kabla ya mimi na wewe. Usizizibe kwa plaiwudi.

Dari ya boriti iache wazi. Jipsamu hupendeza kwenye picha, lakini huficha uvujaji na njia za mchwa mpaka siku inapoanguka. Choma kila boriti kwa bisibisi karibu na pale inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo huoza kwanza; ikizama sentimita moja bila nguvu, muite fundi kabla ya mapambo. Feni ifungwe kwa bano linalozunguka boriti nzima, kamwe isitegemee chokaa iliyo katikati ya boriti, na panga zake zisishuke chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Dari ikiwa juu sana, ongeza fimbo. Feni iliyobanwa karibu na dari huzungusha joto lake yenyewe.

Sakafu nitaipita upesi. Ukikuta terazo, vigae vya simiti vyenye nakshi au sakafu nyekundu ya oksaidi, umepata mali. Osha kwa maji na sabuni laini, kisha nta. Dawa ya choo na siki ni asidi, hula chokaa na simiti, na mng'ao ukipotea haurudi bila kusagwa upya. Juu yake tandika mkeka wa ukindu, uutoe juani kila wiki. Zulia lenye mgongo wa mpira hufunga unyevu chini yake.

Waya zisikaguliwe kwa macho tu. Ukiona waya zilizofungwa kwa mpira unaokatika vipande ukipinda, usiunganishe friji wala birika la umeme mpaka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini, azibadilishe na kukuwekea swichi ya kukata umeme unapovuja. Njia mpya zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba membamba, usichimbe mifereji kwenye matumbawe.

Kwa yale ya nje, mapenzi yako peke yako hayatoshi. Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa, na kabla ya kugusa roshani, mlango wa nakshi, madirisha au rangi ya upande wa barabara, peleka picha na maelezo kwenye ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Ikiwa umepangisha, au nyumba ni ya wakfu, pata ruhusa kwa maandishi hata kwa plasta ya ndani. Mlango wenyewe hauhitaji vanishi. Jua huipasua na kuibandua magamba. Piga msasa mwepesi kufuata mkondo wa mbao, usiguse nakshi ila kwa brashi ya mswaki, kisha paka mafuta ya kitani yaliyochanganywa nusu kwa nusu na tapentaini. Futa yaliyobaki baada ya robo saa, acha usiku mmoja, rudia mara mbili au tatu. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke au vizamishe majini. Vikirundikwa pembeni na mafuta yake hupata moto wenyewe, na mbao za miaka mia ziko juu yake.